Kumeza, Kutapika na Kuungama: Hasira katika Maisha ya Waumini wa Nyeri

Utangulizi

Methali isemayo "Hasira, hasara" haikosi kutajwa kila mada ya hasira inapozuka darasani, barazani au mimbarini. Ufupi wake na mwangwi wa sauti zake huifanya ionekane kuwa hoja iliyokwisha kukamilika: mwenye hasira atapata hasara, basi mwenye busara na aiache hasira. Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Murang'a na Karatina hadi Nyeri, Kerugoya na Embu, fasiri hii aghalabu huvikwa joho la dini. Muumini mwema huchukuliwa kuwa ni yule asiyekasirika au, akikasirika, yule ambaye hakuna anayejua. Nyeri yenyewe imeongezewa mzaha juu ya hayo. Vichekesho vya redioni na jukwaani vimewachora wanawake wake kuwa watu wa ngumi, na wasikilizaji hucheka bila kuuliza ni jambo gani lililokaa ndani ya nyumba muda wote huo hadi likaishia kwenye ngumi. Mzaha wa namna hiyo nao ni njia ya kutosikiliza.

Makala haya yanashikilia kwamba historia ya Nyeri katika karne ya 20 inatoa funzo tofauti. Swali zito lililomkabili muumini wa huko halikuwa kama atakasirika au hatakasirika. Mambo ya kukasirisha yalikuwa mengi mno kwa swali hilo kuwa na maana. Swali lilikuwa hasira hiyo ataipeleka wapi, ataieleza kwa nani, na ni nani mwenye haki ya kumtaka aieleze. Ili kulijibu, msamiati wa Kiswahili utachunguzwa kwanza, kisha desturi za utakaso na uungamaji, na hatimaye barua moja iliyoandikwa kwa penseli gerezani usiku wa tarehe 17 Februari 1957.

Hasira katika Lugha

Kiswahili hakina neno moja tu la hisia hii. Kina hasira, ghadhabu, ghaidhi, hamaki, uchungu, chuki na kinyongo, na wazungumzaji wake hawayatumii ovyo. Neno "hasira" linahusishwa na neno la Kiarabu hasra, ambalo maana yake ni huzuni, majonzi au majuto. Kwa hiyo neno tunalolitumia kila siku kwa mtu aliyefura na kutoa macho lilianza safari yake likiwa neno la mtu aliyepoteza kitu. "Hamaki" kwa upande wake linahusiana na Kiarabu cha upumbavu. Anayehamaki amepungukiwa na akili kwa muda. Lugha basi imetenga mapema: kuna ukali unaotokana na upungufu wa fikira, na kuna ukali ambao chini yake mna msiba. Mhubiri anayeyatia yote mawili katika kapu moja la dhambi anaitumia lugha kwa uvivu kuliko wenyewe walioiunda.

Sarufi nayo ina la kusema. Tukichunguza miundo inayozoeleka, tunakuta kwamba mtu "hupandwa na hasira", "hushikwa na hasira", au "hasira humpanda". Katika miundo hii yote mtu ndiye anayetendwa. Hasira ndiyo inayopanda, inayoshika, inayovaa. Hata kitenzi "kukasirika" kina umbo la kutendeka na si la kutenda. Lakini tukifika kwenye kinyongo na kisasi, mambo hugeuka. Mtu "huweka kinyongo", "hufuga chuki", "hulipiza kisasi". Hapa mtu ndiye mtendaji kamili. Kinyongo, ambacho jina lake linaonekana kuchipuka kutoka "nyongo", hakimvamii mtu njiani. Ni kitu anachokiweka mwenyewe, akakitunza na kukitazama kila jioni kama fedha za akiba.

Tofauti hii ya kisarufi inalingana kwa namna ya kuvutia na fundisho la Mtume Paulo katika sura ya nne ya Waraka kwa Waefeso. Paulo hawakatazi wasomaji wake kupata hasira. Anawaonya wasitende dhambi wakiwa nayo, na anaiwekea muda, yaani machweo ya siku ile ile. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walitumia maneno mawili katika aya hiyo moja. Mwanzoni walitumia "hasira", na walipofikia kile ambacho jua halipaswi kukikuta, wakatumia "uchungu". Uteuzi huo unastahili kupongezwa. Uchungu ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya mwili, na ni utungu wa mwanamke anayejifungua. Ni hasira iliyokwisha kulala usiku ndani ya mtu.

Waislamu wa Nyeri mjini wana neno lao katika mjadala huu. Aya ya 134 ya Sura Aal Imran inawasifu wanaoizuia ghaidhi, na neno la Kiarabu lililotumika kwa kuzuia lina picha ya kufunga mdomo wa kiriba kilichojaa maji. Msomaji wa haraka angedhani kwamba kufunga huko ndiko kunakosifiwa peke yake. Aya haiishii hapo. Inaendelea papo hapo kuwataja wanaowasamehe watu. Kiriba kinafungwa ili maji yasimwagike hovyo njiani, na wala si ili yaozee ndani.

Kutoka Thahu hadi Nuruni

Kabla ya misheni kufika, Wagĩkũyũ walikuwa na dhana ya thahu, yaani unajisi uliompata mtu kwa kuvunja mwiko, kwa kumwaga damu au kwa kugusana na mambo yaliyokatazwa. Thahu haikuwa hisia, lakini ilifanana na hisia kwa jambo moja: ilikaa ndani ya mtu na ilihitaji kutolewa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagĩkũyũ, alieleza jinsi mũndũ mũgo, yaani mganga, alivyomtakasa mtu kwa kumtapisha kiishara. Mgonjwa aliramba dawa na kutema, huku uovu ukitajwa na kuambiwa utoke. Kitenzi chenyewe, gũtahĩkia, ni "kutapisha". Methali ya Kigĩkũyũ inayosema kwaria nĩ kwendana, yaani kuzungumza ni kupendana, inatoka katika fikira hiyo hiyo kwamba kilichofungiwa ndani huharibika.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulipofika nchi ya Wagĩkũyũ mwishoni mwa miaka ya 1930, ukitokea Rwanda na Uganda, ulikuta udongo uliokwisha kulimwa. Waliookoka, ambao kwa Kigĩkũyũ waliitwa ahonoki, walikutana kila wiki na kusema makosa yao mbele ya wenzao. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Jambo linalofaa kuzingatiwa ni kwamba uungamaji wao ulikuwa mahususi. Haikutosha kusema "nina hasira". Mtu alitarajiwa kutaja amemkasirikia nani na kwa sababu gani, kisha aende kwa mtu huyo. Aliyeiba alirudisha. Aliyemsengenya mwenziwe alikwenda kumwambia. Wazee wengi waliliona jambo hili kuwa ni kuvua nguo hadharani, na shutuma yao haikuwa ya kipuuzi. Kuna siri za nyumba ambazo zikisemwa mbele ya kijiji humwaibisha asiyekuwepo kujitetea. Hata hivyo, utaratibu huo uliwapa watu wa kawaida, wanawake wakiwemo, lugha na jukwaa la kuisema hasira kabla haijawa kinyongo.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Ahonoki wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kwa hoja kwamba waliokwisha kushiriki damu ya Kristo hawawezi kuapa kwa damu ya mbuzi. Wengi wao walikataa pia kubeba silaha za askari wa ulinzi wa serikali. Kwa hiyo walishukiwa pande zote mbili: wapo waliouawa na wapiganaji, na wapo waliopigwa na vyombo vya serikali. Kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955, lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa. Ndani yake msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea Makerere, alichora kati ya mwaka 1956 na 1959 picha tano za maisha ya Kristo katika mandhari ya Ugĩkũyũ, na Kristo mwenyewe akiwa Mwafrika. Mgeni anayeingia humo kuomboleza upande mmoja wa vita hukutana na uso unaoweza kuwa wa upande wowote.

Kuungama na Kuungamishwa

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo neno zuri liliharibiwa. Serikali ya kikoloni iliwaweka maelfu ya watu kizuizini na kuwapitisha katika mlolongo wa kambi. Mfungwa aliwekwa katika daraja la weupe, kijivu au weusi, kwa kutegemea kiasi alichokubali kusema. Ili atoke, ilimpasa akiri kiapo alichokula na awataje aliokula nao. Katika kambi ya Athi River wamisheni na wahubiri wa maadili walishirikishwa katika kazi hiyo. Vilevile serikali iliajiri waganga wa jadi wawatakase watu dhidi ya kiapo. Kwa hiyo taasisi tatu, yaani uganga, kanisa na kambi, zikawa zinadai kitu kimoja kutoka katika kinywa cha mtu mmoja.

Kiswahili kinatufichulia hatari hiyo kupitia kiambishi kidogo. Muumini "huungama" na padri "humwungamisha". Katika matumizi ya kanisa, kuungamisha ni kumsikiliza mtu na kumsaidia aseme. Lakini mnyambuliko wa kutendesha katika Kiswahili hautofautishi msaada na shuruti. "Kumlisha" mtoto ni kumsaidia ale. "Kumlisha" mtu kiapo huenda ni kumlazimisha. Askari aliyeshika kiboko kambini naye alikuwa "akiungamisha". Umbo la neno ni lile lile, na ni muktadha tu unaoonyesha ni nani aliye huru.

Uzito wa tofauti hii ulidhihirika tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya Hola, pale wafungwa 11 waliokataa kushirikiana na wakuu wa kambi walipopigwa hadi kufa. Mmoja wa walionusurika, Wambugu wa Nyingi, baadaye alikuwa miongoni mwa walalamishi walioishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009. Alikuwa amekaa kizuizini takriban miaka tisa bila kushtakiwa mahakamani, na bila kuwahi kula kiapo. Mtu kama huyo angeungama nini? Alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa malalamiko, na kambi haikuwa na daftari la kuyaandikia.

Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi aliyetokea Tumutumu na kufanya kazi yake ya uchapishaji Karatina, alilipata daftari lake mwenyewe. Mwaka 1952 alikuwa ametunga Imani ya Gĩkũyũ na Mũmbi kwa kufuata umbo la Imani ya Mitume, na mwezi Oktoba mwaka huo akatiwa kizuizini. Akiwa katika kambi mbalimbali, ikiwemo ya kisiwa cha Manda karibu na Lamu, aliandika shajara kwa siri. Ilichapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Shajara si ungamo, kwani hakuna anayeidai. Ni mahali ambapo mtu humweleza hasira yake msomaji ambaye bado hajazaliwa.

Barua ya Saa Saba Usiku

Dedan Kimathi alizaliwa mwaka 1920 huko Tetu, Nyeri, na akasoma kwa muda katika shule ya misheni ya Kiskoti ya Tumutumu. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akafikishwa mahakamani Nyeri mwezi uliofuata kwa shtaka la kupatikana na bastola na risasi, akahukumiwa kifo, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili humjua zaidi kupitia tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ya mwaka 1976, iliyowafikia kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi mwaka 1978. Katika tamthilia hiyo kasisi Mwafrika ni mmojawapo wa wajumbe wanaoingia seli ya Kimathi kumshawishi asalimu amri. Dini inaingia kama jaribu, na shujaa anaifukuza.

Tamthilia hiyo ina mengi ya kusema kuhusu hasira, na si katika mabishano ya mahakamani tu. Mvulana na Msichana, maskini wawili wa mjini, wanaandamana mbio kwa sababu ya fedha kidogo. Mvulana yuko tayari kumwumiza mwenziwe aliye maskini kama yeye, ilhali mji mzima umejaa askari wa mkoloni. Mwanamke anayekutana naye anamfumbua macho, na baadaye Msichana mwenyewe anakataa kukimbia tena na kumkabili. Hasira iliyopotea njia inarudishwa barabarani. Aidha, msituni Kimathi anapowahukumu wasaliti, akiwemo mdogo wake mwenyewe, huruma inamzuia kuwaua, na huruma hiyo inamponza. Waandishi hawajifanyi kwamba kusamehe hakuna gharama.

Kando ya Kimathi wa jukwaani yupo Kimathi wa barua. Usiku wa tarehe 17 Februari 1957, yapata saa saba, alichukua penseli na karatasi akamwandikia Padri Marino wa misheni ya Wakonsolata, Nyeri. Anaeleza kwamba anajitayarisha kwa furaha kwa safari ya kesho. Anamsifu Padri Whellam, aliyekuwa akimtembelea gerezani na kumletea vitabu vya dini, na anaviorodhesha kimoja kimoja, kikiwemo kitabu cha sala cha Kigĩkũyũ. Anaomba mwanawe apelekwe shule. Anaomba mama yake, ambaye ni mzee na mwenye huzuni, atembelewe na kufarijiwa. Mkewe, anasema, yuko kizuizini Kamiti, na akiachiliwa ingefaa akae karibu na misheni ya Mathari, awe jirani na masista. Anawasalimu wasomaji wa Wathiomo Mũkinyu, gazeti la Kigĩkũyũ ambalo Wakonsolata walilianzisha Nyeri mwaka 1916. Anatia sahihi akijiita mwongofu wa padri.

Wapo wanaoisoma barua hii kama ushahidi kwamba mpiganaji alivunjika mwishoni. Wapo wanaoisoma kama ushindi wa neema juu ya hasira, kana kwamba katika seli ile hasira ilikuwa imeyeyuka yote. Masomo yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayakuisoma barua yenyewe kwa makini. Katikati ya shukrani na salamu pana lalamiko. Kimathi anasema kwamba siku ya Krismasi ni Padri Whellam peke yake aliyekwenda kumwona. Wengine, waliokuwa wakija siku na wiki nyingine, hawakumkumbuka siku ya kuzaliwa kwa Mwokozi. Anasikitika kwamba walimsahau siku ya furaha kama ile. Anaeleza kuwa jambo hilo amekwisha kulizungumza na Padri Whellam, na ana hakika atawafikishia.

Lalamiko hilo ndilo kiini cha barua kwa mintarafu ya mada hii. Mtu aliyebakiwa na siku moja ya kuishi, ambaye angeweza kuijaza karatasi kwa hasira dhidi ya jaji, gavana, aliyempiga risasi au waliomsaliti, anataja kosa la wageni wasiokuja Krismasi. Ni kosa dogo mno mbele ya kitanzi. Lakini alilihisi na hakulimeza. Alilisema kwa aliyehusika, kwanza kwa mdomo na kisha kwa maandishi, bila tusi na bila kujidai kwamba halikumuuma. Baada ya hapo akaendelea na habari za shule ya mtoto. Je, hakuwa na hasira nyingine kubwa zaidi? Haiwezekani kufikiri hivyo. Ila aliyestahili kuelezwa hasira ile kubwa hakuwa Padri Marino. Mahakamani Nyeri alikuwa amekwisha kujitetea, na kumbukumbu za kesi hiyo, zilizoaminiwa kwa miaka mingi kuwa zimepotea, zilichapishwa mwaka 2017. Muumini huyu alijua lipi la kumwambia nani.

Kimathi wa jukwaani na Kimathi wa barua hawapingani kwa kiwango ambacho wahakiki wengine hupenda. Wa kwanza anamfukuza kasisi anayekuja kumuungamisha, kwa ile maana ya kambini. Wa pili anamwandikia padri kwa hiari yake, kwa penseli yake, jambo ambalo hakuna aliyemshurutisha kulisema. Tukilisoma lalamiko la Krismasi kwa uzito unaolistahili, tunaona kwamba hata mbele ya padri aliyempenda hakukubali kuwa muumini wa kunyamaza.

Msamaha wa Jukwaani

Askofu David Gitari, mzaliwa wa Kirinyaga, alionyesha baadaye kwamba hasira inaweza kuelezwa pia kwa watawala bila ngumi. Mwaka 1987 alihubiri mjini Nyeri juu ya nabii Danieli na sheria zinazotungwa kwa hila, na wanasiasa wakachemka. Mwezi Aprili mwaka 1989 wavamizi waliishambulia nyumba yake usiku, akaokoka. Aliendelea kuhubiri kwa njia ile ile ya kufafanua Maandiko aya kwa aya, na mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu.

Utamaduni wa kitaifa ulichagua njia nyingine. Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta aliwaambia walowezi mjini Nakuru kwamba yaliyopita yasamehewe na kusahauliwa, na kitabu chake cha mwaka 1968 kilijivunia, tangu kwenye anwani, mateso yasiyo na uchungu. Methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" ikapata kazi serikalini. Kisiasa hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Nchi changa iliogopa kulipizana visasi. Lakini kitenzi "kusamehe" kinamhitaji mtenda, na mtenda wake ni aliyekosewa. Rais hawezi kusamehe kwa niaba ya mjane wa Othaya, kama vile padri hawezi kuungama kwa niaba ya waumini wake. Chama cha Mau Mau chenyewe kilibaki marufuku kisheria hadi mwaka 2003, kwa hiyo hata mkutano wa wazee kuyazungumza ya msituni ulikuwa kosa.

Mnamo tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alitangaza bungeni fidia ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Alisikitika, hakukubali dhima ya kisheria. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, naye alizungumza kwa huzuni na majuto, bila kuomba msamaha. Huzuni na majuto ndiyo maana ya lile neno la Kiarabu ambalo hasira ilitokana nalo. Waliokosewa walibeba hasira, waliokosea wakabeba majuto, na neno la kuyakutanisha mawili hayo halikutamkwa.

Mukami, mke ambaye Kimathi aliomba afarijiwe, aliishi muda mrefu baada ya barua ile. Kwa miongo mingi alikuwa na ombi moja kwa serikali zilizofuatana: aonyeshwe mifupa ya mumewe aizike. Tarehe 18 Februari 2007 sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kaburi limepatikana Kamiti, kisha tangazo hilo likakanushwa. Hakuacha kuuliza. Alifariki mwezi Mei 2023. Hadi siku hiyo mumewe alikuwa bado Kamiti, katika ardhi ya gereza lile lile ambamo yeye mwenyewe alikuwa amefungwa usiku ule wa penseli na karatasi.